Viti vya Kumwangusha Yaya Mianda

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nakiri hapa kwa sababu kwa padre nilishindwa. Jumamosi nilipiga magoti kitubioni, nikataja uvivu, nikataja sukari niliyoilamba, kisha nikanyamaza. Lile kubwa sikulitaja. Ni hili: nataka yaya Mianda akose bourse, ile pesa ya masomo. Tena si akose tu. Akose, niipate mimi.

Basi. Nimeandika. Mama anatwanga sombe, majani ya mhogo, nje, hajui kitu.

Nieleze vizuri. Yaya Mianda, dada mkubwa kwa heshima tu, ni binti wa tata Kabongo, baba wa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa kambi ya wafanyakazi. Ana miaka ishirini na mitatu. Mwezi uliopita alirudi kutoka Lubumbashi na graduat yake ya kazi za jamii, miaka mitatu ya masomo ya juu. Sasa masista wa foyer, kule wanakowafundisha akina mama kushona na kulea, wamepata bourse. Moja! Itamsomesha msichana mwenye graduat miaka miwili mingine Kinshasa. Masomo, chumba, chakula, vitabu, hata ndege ya kwenda. Akimaliza ni licenciée, mwenye shahada kamili, na kazi inamngoja.

Mimi ndiyo kwanza nimetoka shule. Matokeo ya diploma bado. Ni kweli karatasi ya masharti inasema graduat. Lakini nimewaza sana. Bourse ni ya kumsaidia mtu asome, sivyo? Basi aliyesoma kidogo ndiye anayehitaji msaada zaidi. Sioni kosa katika hoja hiyo.

Ijumaa yaya Mianda alinipa bahasha yake niipeleke foyer. Alisema, "Mudogo wangu, weye njo naaminia." Ananiamini kwa sababu siongei. Watu wote hudhani msichana asiyesema ana moyo safi. Bahasha haikuwa imefungwa. Njiani nikaingiza karatasi zangu chini ya zake. Penye mstari wa graduat nimeandika: itakuja.

Asubuhi mama aliniambia tena nimwangalie mwenzangu Mianda, anasalimia batu, anaulizia bagonjwa, na mimi niko sawa mulango wa kufunga. Mwenzangu! Ana miaka mitano zaidi yangu! Na mama humwita yule "mutoto wangu". Mimi ananiita "huyu".

Jumanne, 5 Agosti

Habari! Mama sosiali atakuja. Ndivyo tunavyomwita Citoyenne Tshibola (raia, kama serikali inavyotaka tuitane), mwanamke wa foyer anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza hali za familia. Atatembelea nyumba za walioomba bourse aone nani ana shida kweli. Kwa tata Kabongo atafika Ijumaa saa nne. Kwetu hajasema siku. Labda atanishtukiza. Lazima niwe tayari.

Nilikaa chooni muda mrefu nikifikiri, mpaka tata, baba yangu, akagonga mlango.

Hatari ni hii. Tata Kabongo amestaafu, na mguu wake haujapona tangu aanguke na baisikeli. Mezani kwao pana viti vinne tu visivyo na mgongo, na kimoja hukaliwa na redio iliyokufa. Mama sosiali akiingia, akaona vile, bourse imekwisha kwenda kwao. Umaskini wao ni mkubwa kuliko wetu. Hata katika hilo wametushinda!

Kwa hiyo nyumba yao isionekane maskini. Ionekane imejaa. Ing'ae! Atasema, hawa wana mali, wamsomeshe wenyewe.

Na Mungu ni mwema. Jioni mama Ndaya, mama yake Mianda, alikuja kwetu kuomba kitambaa cha meza. Hawezi kupokea mgeni wa foyer juu ya mbao tupu, alisema, batu batamucheka mpaka soko. Moyo wangu uliruka. Hapa kwetu hakuna anayepokea mgeni kwa viti vyake peke yake. Mtu akipata mgeni mkubwa, mstari mzima wa nyumba hutoa ulicho nacho. Sitaonekana mbaya. Nitaonekana mwema!

Nikafungua mdomo. Nilisema, mama Ndaya, kitambaa peke yake hakitoshi, nitawatafutia na foteyi, vile viti vikubwa vya kuegemea. Mama yangu aliacha mwiko ndani ya bukari, ugali wa jioni, akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma misa.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mateso. Nimebisha milango kumi na mmoja. Mimi! Mimi ambaye huzunguka nyuma ya nyumba ili nisimsalimie mtu.

Kwa tata Ngeleka, dereva mstaafu, nilisimama mlangoni mpaka mbwa wao akazoea na kulala. Mwishowe alitoka mwenyewe akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea. Nikasema foteyi. Akauliza foteyi gani. Nikasema mbili. Nilipotaja jina la Mianda akaziburuta nje kabla sijamaliza. Hakuuliza zitarudi lini.

Kwa tata Badibanga, karani ambaye macho yake yamechoka kusoma, nilipata saa ya ukutani na frigo. Frigo haitoi baridi tangu Noeli, hutunza viatu ndani yake, lakini kwa nje ni nyeupe kabisa. Mama Mbombo alitoa sahani zake zenye tausi, ambazo hata mume wake hajawahi kulia.

Kote ni vile vile. Ni ya Mianda? Beba! Ni ya Mianda? Kamata na hii! Mwanamke mmoja alinikimbilia njiani na mto wa kochi, ati alikuwa ameusahau.

Nilichomwa. Nikamuuliza mama Mbombo, kwa sauti ndogo, kama mimi ningekuwa na mgeni, angenipa sahani za tausi? Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Weye? Mwaka mutatu unapita hapa, leo njo nimesikia sauti yako! Nilizania uko bubu." Kisha akaniongezea bakuli la supu.

Ya Mianda, bila shaka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimevuka kiwango cha akili. Nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Nimehamisha na vitu vya kwetu! Meza, viti vinne, redio ya tata, pazia, mpaka picha ya ubatizo wangu. Vyote viko kwa mama Ndaya. Kwao kunajaa, kwetu kunakuwa tupu. Mama sosiali akitoka kule na kunishtukiza hapa, ataona jangwa. Atalia.

Tata alirudi kazini akasimama katikati ya nyumba na kofia mkononi. Aliuliza kama tumeibiwa au tumefukuzwa. Alikula bukari amekalia kinu kilichogeuzwa. Mama alimwambia anyamaze, huyu mutoto ameanza kuwa na roho ya batu. Nilikula macho chini. 

Yaya Mianda hakuwepo siku nzima. Alimsindikiza mke wa tata Ngeleka hospitali. Aliporudi jioni hakuweza kuingia. Mlango uligonga frigo. Alipita dirishani, akavuka foteyi moja, akavuka ya pili, akakaa juu ya meza yetu akashika kichwa. Nilikuwa nje nikichungulia.

Alimwambia mama yake kwamba mugeni anakuya kuona shida, na sisi tunamuonyesha magazini, duka zima. Ndivyo walivyomfundisha chuoni, nyumba ionekane ilivyo. Mpango wangu!

Lakini mama Ndaya ni mama. Alijibu kwamba shida yake si nguo ya kuanika barabarani. Aliuliza kama huko chuoni walimfundisha kumkalisha mgeni juu ya gogo. Tata Kabongo akasema kutoka kitandani kwamba kama kuna foteyi, yeye hatoki ndani yake mpaka Ijumaa ipite. Wakacheka wote. Yaya Mianda alicheka mpaka akafuta machozi.

Wana raha gani hawa? Hawana hata kiti.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nimejificha nyuma ya jiko. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa nne kamili Citoyenne Tshibola alifika. Pagne ya bluu, kitenge kizuri, daftari, kalamu nyuma ya sikio. Mstari mzima ulikuwa nje umekusanyika kwenye dirisha, ati wanapita tu. Mimi nilikuwa ndani, mama Ndaya aliniweka nimimine limonade. Nilisimama kati ya frigo na ukuta.

Mama sosiali alikaa kwenye foteyi. Alitazama saa. Alitazama tausi. Alitazama frigo. Hakuandika neno. Furaha yangu! Nilijua anawaza, hapa hapana shida.

Ndipo kalamu ikamwanguka. Akainama kuiokota. Akabaki ameinama.

Nilikuwa nimesahau. Kambini kila mtu huandika jina lake chini ya kiti chake, kwa rangi, herufi kubwa. Viti vyetu hutembea kuliko sisi: matanga, harusi, ubatizo. Bila jina havirudi. Nimezaliwa humu, nimeokota viti vya matanga tangu utoto, na nikasahau!

Mama sosiali alisoma kwa sauti: "Ngeleka."

Dirishani tata Ngeleka akaitika, "Niko!"

Alifikiri anaitwa. Mama sosiali akainua sahani, akaigeuza. "Mbombo." "Niko, mama!" Akaenda kwenye frigo. "Badibanga." "Niko hapa!" Akainamia meza yetu. "Ngoy." Tata yangu alikuwa kazini, kwa hiyo mama yangu aliitika kwa niaba yake. Ilikuwa kama darasa la kwanza asubuhi.

Mama Ndaya alifunika uso kwa pagne. Mimi, nakiri, moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Si tajiri tu sasa. Waongo! Bora zaidi! Nani humpa mwongo bourse?

Mama sosiali akasema, "Hii foteyi minaiyua. Mara tatu nilishaikalia, mu manyumba tatu." Akauliza nani mwenye nyumba hapa na nini ni chake.

Yaya Mianda akasimama. Alisema cha kwao ni viti vinne visivyo na mgongo, viko nyuma ya nyumba. Kingine chote ni cha majirani. Alisema hakupenda iwe hivyo, lakini hataki mama yake aaibike kwa ajili ya kutaka kumpokea mgeni vizuri.

Hapo tata Ngeleka akaingiza kichwa chote dirishani. Alimwambia mama sosiali asikamate hasira, ni yeye mwenyewe alitoa. Jana Mianda ameshinda hospitali na mke wake, hakula kitu. Angekataa foteyi na uso gani? Tata Badibanga akamsukuma, naye akasema Mianda alimsomea barua za mtoto wake wa Sandoa, zile zilizokuwa na mambo ya aibu, na hazijasikika popote. Mama Mbombo akasema, kwa sauti ya soko, kwamba kama si Mianda, yeye na mume wake wangekuwa wameachana tangu mwezi wa saba. Mume wake akasema ni kweli.

Citoyenne Tshibola aliandika. Ukurasa. Akageuza. Ukurasa mwingine. Aliomba kiti kimoja cha nyuma ya nyumba, akakikalia hicho, akaendelea kuandika.

Mwishowe akauliza nani amekusanya bitu byote hibi mu manyumba kumi na moja.

Dirisha lote likasema jina langu. Nilitaka kuingia ndani ya frigo, lakini kulikuwa na viatu. Yaya Mianda alinivuta, akanikumbatia mbele ya watu, shingo yangu ikalowa machozi yake. Alisema hana ndugu wa kike, na sasa anaye.

Ni siku mbaya kuliko zote za maisha yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya serikali, tumefagia mitaro kama kila Jumamosi. Baadaye kurudisha vitu. Niliamriwa niongoze kwa kuwa mimi ndiye najua cha nani ni kipi.

Tulikuwa tumefika mbele ya kwetu na mkokoteni umejaa, frigo juu, foteyi pembeni, mama akatoka mbio. Mama sosiali yuko kwenye kona, anakuja huku! Kwetu!

Nilishangilia. Ukaguzi wangu! Nikamwambia mama aache nyumba ilivyo, tupu ni nzuri. Meza yetu ilikuwa bado kwa mama Ndaya. Mama alinitazama. Akasema, "Godelieve!" Akikasirika huniita jina langu la ubatizo, husahau kwamba serikali imeyakataza majina hayo. Aliuliza kama nataka mugeni aketi juu ya kinu. Kwa dakika mbili yeye na mama Mbombo wakashusha mkokoteni wote ndani. Foteyi, saa, tausi, frigo. Citoyenne Tshibola akaingia nyumba ya kitajiri kuliko zote za kambi.

Alikaa kwenye foteyi. Hakuinama kusoma chini yake. Alisema tu, "Tena weye," na nadhani alikuwa akiongea na foteyi.

Mama alipokwenda kutafuta glasi, mama sosiali alinipa bahasha ndogo iliyokunjwa. Alisema karatasi hizi zilikosea njia zikaingia ndani ya bahasha ya mtu mwingine. Alisema kwa upole kwamba graduat haiji yenyewe, mtu hutembea kwenda kuichukua, na kwamba nikipata diploma nije tuongee. Hakumwambia mama. Masikio yangu yalikuwa moto.

Kisha mama aliporudi, mama sosiali alimwambia kwamba foyer inatafuta msichana wa kutembea naye nyumba kwa nyumba. Msichana anayeweza kuingia nyumba kumi na moja kwa siku moja na kutoka mikono imejaa. Mama aliniita mutoto wangu. Mara moja. Lakini ilikuwa mbele ya mgeni, sijui kama inahesabiwa.

Nimejibu nitafikiri. Nafasi yenyewe ipo kwa sababu wanafikiri yaya Mianda, aliyekuwa aifanye, ataondoka. Makombo yake!

Jumanne, 12 Agosti

Ameipata.

Mama Ndaya alipiga vigelegele mpaka wanaume wa zamu ya usiku wakaamka. Tata Kabongo alicheza kwa mguu mmoja. Watu walileta viti bila kuombwa, sherehe ikajaa barabarani. Ataondoka mwezi wa tisa.

Yaya Mianda alinitafuta. Nilikuwa nyuma ya choo. Alinipa madaftari yake yote matatu ya chuo, yaliyofunikwa kwa karatasi ya bluu. Alisema bila mimi asingeipata. Akasema mama sosiali alimwambia kwamba waombaji wengine wawili walikuwa na shida kama yeye, na alama kama zake, lakini kwao hakuna jirani aliyeingiza kichwa dirishani.

Nimesoma daftari la kwanza. Hata mwandiko wake ni mzuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata! Jibu limenijia mbele ya bomba la maji, nikimngojea mama Mbombo ajaze. Alinisalimia yeye kwanza, nikaitika, na kabla ndoo haijajaa mpango ulikuwa kamili.

Kosa langu lilikuwa kutaka aonekane tajiri. Upumbavu. Sasa nitamwangusha kwa sifa! Nimeuandikia barua uongozi wa chuo kule Kinshasa. Kurasa nne. Nimemsifu yaya Mianda kupita kipimo: hachoki, hanuni, hasemi siri ya mtu, wagonjwa humwita kabla ya daktari, mume na mke wakigombana humwita kabla ya wakwe. Wataisoma, watangoja malaika ashuke kutoka kwenye ndege. Atashuka Mianda, na begi lake la kamba. Watavunjika moyo siku hiyo hiyo. Watamrudisha, na bourse itabaki wazi!

Nilizunguka nyumba zote kumi na moja wanitilie sahihi. Sasa mbwa wa tata Ngeleka hata haamki. Mama Mbombo aliongeza mistari sita yake mwenyewe. Mama yangu alinisikiliza nikisoma, akafuta macho, akaweka kidole gumba.

Jambo moja linaniudhi. Nilipoisoma mara ya mwisho kabla ya kuifunga, nilitafuta mahali nilipodanganya, nisahihishe lugha, na sikupaona. Kurasa nne, na hakuna hata uongo mmoja. Ndiyo ubaya wa yule msichana. Hampi mtu nafasi.

Jumatatu naanza kule foyer. Nimekubali, lakini ni ili niwe karibu na habari.

Barua iko posta tangu saa tisa mchana. Wewe uliyenisoma, nakuomba sana, funga mdomo. Kambi nzima inajua niliandika barua. Lakini nia yangu usimwambie mtu, na zaidi ya wote usimwambie yaya Mianda. Atanikumbatia tena.